Sungura mweupe mwenye macho mekundu: namna ya kumpangia mwanga, banda na maisha ya kila siku

Jioni tuliyomleta Chokaa nyumbani, alisimama kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni akaanza kuyumbisha kichwa. Kushoto, kulia, kushoto tena, polepole, masikio yamesimama wima, kama mtu anayetafuta tundu la sindano kwenye mwanga hafifu. Kizingiti chenyewe hakifiki kimo cha tofali moja. Binti yangu akaniuliza kama ana kizunguzungu. Jirani aliyekuwa amekuja kuomba chumvi akasema mnyama huyu ana maradhi ya kichwa, tumrudishe sokoni kesho yake. Ilipita kama nusu dakika, Chokaa akaruka, akatua salama, akaenda zake chini ya meza.

Hakuwa na maradhi. Alikuwa anapima umbali. Sungura albino wengi hufanya hivyo, na watu wengi huogopa wakiona kwa mara ya kwanza. Kwa miaka minne niliyoishi naye hapa Dodoma, mahali ambapo jua halina huruma, nimejifunza kwamba mnyama huyu haumwi na wala si kipofu. Amezaliwa na jicho lisilo na pazia. Hakuna matone, karoti wala vitamini itakayomshonea pazia hilo. Karoti zikizidi zitamharibia tumbo tu kwa sukari yake. Pazia unalishona wewe, kwa nje: kwenye banda, kwenye taa, kwenye saa za kumtoa, na kwenye namna unavyomnyooshea mkono.

Hatua ya 1: Hakikisha ni albino kweli

Si kila sungura mweupe ni albino. Mtazame mchana kivulini, ukiwa ubavuni mwake. Usitumie tochi wala flashi ya simu, kwa sababu flashi inaweza kuonyesha wekundu hata kwenye jicho la sungura wa kijivu. Kwa albino, duara linaloizunguka mboni huwa na rangi ya waridi iliyofifia, na mboni yenyewe ni nyekundu iliyokolea kama punje ya komamanga. Mweupe mwenye macho ya bluu si albino. Weupe wake unatokana na jeni nyingine kabisa, inayoitwa Vienna. Mweupe mwenye macho meusi naye si albino.

Albino wengi tunaowaona Afrika Mashariki ni wa mbegu ya New Zealand White, ambaye licha ya jina lake alizalishwa Marekani, na huku kwetu alisambaa kama sungura wa nyama kabla watu hawajaanza kumweka nyumbani kama rafiki wa watoto.

Anayewachanganya watu ni sungura wa mbegu ya California. Huyu ana mwili mweupe, lakini pua, masikio, miguu na mkia ni vyeusi. Mfugaji akiuona weusi ule husema, "huyu ana rangi, si albino." Mwangalie machoni: ni mekundu. Jeni yake ni ndugu wa karibu wa jeni ya ualbino. Kimeng'enya kinachotengeneza rangi kipo, ila kinafanya kazi pale tu mwili unapopoa, yaani kwenye ncha za mwili. Jichoni kuna joto, kwa hiyo rangi haitengenezwi. Mbegu hii ilianzishwa na George West huko California mwaka 1923, na kila ninachoeleza hapa kuhusu mwanga kinamhusu pia.

Hatua ya 2: Jua jicho lake limekosa nini

Melanini ni rangi ileile inayotupa weusi wa ngozi na nywele. Ndani ya jicho ina kazi mbili. Kwanza, hulifanya lile duara linaloizunguka mboni kuwa pazia zito, ili mwanga upite kwenye tundu la katikati peke yake. Pili, nyuma ya retina, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea picha, hukaa kama ukuta uliopakwa masizi: humeza mwanga uliokwisha kufanya kazi yake, usidunde na kurudi.

Albino hana hilo la kwanza wala la pili. Mwanga unaingia kwenye mboni, unapenya pia kwenye duara lenyewe na hata kwenye weupe wa jicho, kisha ukifika ndani unatawanyika huku na huku. Wekundu tunaouona ni damu iliyo kwenye mishipa midogo ya ndani, kwa kuwa hakuna rangi ya kuifunika. Fikiria umekaa kwenye chumba chenye mapazia ya kitambaa chepesi, kuta zote zimepakwa rangi nyeupe inayong'aa, halafu unajaribu kuangalia picha ya sinema ukutani saa saba mchana. Picha ipo, lakini mwanga umeimeza.

Mwanga huo haumsumbui tu, unamwumiza pia. Mwaka 1966 mtafiti Werner Noell na wenzake walionyesha kwamba taa za kawaida zisizozimwa zinatosha kuua chembe za retina za panya weupe wa maabara. Tangu hapo wafugaji wa wanyama wa maabara wamekuwa waangalifu na mwanga unaowafikia albino. Nataja hili kwa sababu kuna watu wanaoacha taa ya banda ikiwaka usiku kucha kwa kuogopa vicheche. Zuia vicheche kwa wavu imara na komeo, taa izime.

Jambo la tatu ni mishipa ya fahamu. Kwa sungura yeyote, nyuzi nyingi zinazotoka jichoni huvuka kwenda upande wa pili wa ubongo, na chache hubaki upande wake. Kwa albino zinazobaki ni chache zaidi, kwa hiyo ushirikiano wa macho mawili unapungua pale mbele yanapokutana. Mwaka 1978 Han Collewijn na wenzake waliona kitu cha ajabu: sungura albino akionyeshwa mistari inayosogea mbele ya uso wake, macho yake yalikimbilia upande ulio kinyume na mistari. Ubavuni macho yalifuata vizuri. Mbele ndiko kunakomtatiza.

Ukiongeza kwamba sungura yeyote, hata yule mwenye macho meusi kabisa, haoni kilicho chini kidogo ya ncha ya pua yake, utaelewa kwa nini Chokaa alisimama kizingitini. Akiyumbisha kichwa, kitu kilicho karibu kinaonekana kusogea sana na cha mbali kinasogea kidogo. Kwa tofauti hiyo anapata kina, ambacho macho mawili kwa pamoja hayampi vizuri.

Mengine ni ya sungura wote: macho yako ubavuni na yanaona karibu mzunguko mzima, yanatambua bluu na kijani lakini nyekundu kwao ni kama giza, na yameumbwa kwa ajili ya alfajiri na magharibi.

Hatua ya 3: Mchunguze siku saba kabla ya kubadilisha chochote

Chukua daftari. Asubuhi, saa saba mchana na jioni andika mambo matatu: amekaa sehemu gani ya banda, macho yamefunguka kiasi gani, na kichwa kinafanya nini. Baada ya wiki utakuwa na ramani ya mwanga iliyochorwa na sungura mwenyewe, na hakuna kipimo kinachoishinda.

Kufumba macho nusu juani, yote mawili kwa usawa, ni kawaida ya albino. Kufumba jicho moja tu si kawaida. Kuendelea kufumba macho baada ya kuhamishiwa kivulini nako si kawaida. Kuyumbisha kichwa kabla ya kuruka, au mbele ya kitu kigeni, kisha kuacha, ni kupima umbali. Kichwa kilicholala upande mmoja kisirudi, au macho yanayochezacheza yenyewe akiwa ametulia, ni ugonjwa wa sikio la ndani au wa ubongo, na siku hiyohiyo unamtafuta daktari.

Ukitaka kujua kama anaona, chukua kipande kidogo cha pamba, kiachie kianguke ubavuni mwake, kiasi cha urefu wa mkono kutoka jichoni. Pamba haina sauti na haipeperushi hewa. Sungura anayeona atageuza sikio, atainua kichwa au atasita kutafuna. Rudia upande wa pili, kisha siku nyingine tena, maana sungura aliyezama kwenye chakula hajali kila kitu. Usimpitishie kiganja usoni kwa ghafla: anaweza kupepesa kwa sababu ya upepo wa mkono, au asipepese kabisa ingawa amekuona.

Hatua ya 4: Banda

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nilipokosea. Banda la kwanza la Chokaa nililiegemeza kwenye ukuta wa magharibi wa nyumba, mlango wa wavu ukatazama machweo. Juu nikaweka bati moja angavu, lile linalopitisha mwanga, nikiamini namfanyia hisani asikae gizani. Wiki ya pili nilirudi kazini mapema, kama saa kumi. Nilimkuta amejibana kwenye kona ya mbali, pua imegusa mbao, masikio ameyalaza, mgongo ameupa mlango. Maji yalikuwa mbele, upande wa jua, na bakuli lilikuwa limejaa vilevile nilivyoliacha asubuhi. Alikuwa na kiu, na bado hakuthubutu kuuvuka ule mwanga. Nililing'oa bati lile jioni hiyohiyo kwa nyundo ya kuazima.

Ukijenga, urefu wa banda uende mashariki hadi magharibi. Kuta za mashariki na magharibi, zile fupi, zizibwe kabisa kwa mbao au tofali, kwa sababu jua la asubuhi na la jioni liko chini na upenu hauwezi kulizuia. Pande ndefu, kaskazini na kusini, ndizo ziachwe wavu kwa ajili ya hewa, na hapo upenu unafanya kazi. Hapa Dodoma, mchana wa Juni, jua hupanda kama nyuzi 60 tu upande wa kaskazini. Uwazi wenye kimo cha mita 1 unahitaji upenu wa sentimita 60 hivi ili miale isifike ndani adhuhuri. Desemba jua huhamia kusini na kusimama juu zaidi, kwa hiyo upenu uleule unatosha. Mombasa hesabu haiko mbali na hiyo. Ukiwa Nairobi au Kampala, karibu na mstari wa ikweta, pande zote mbili zinahitaji upenu unaolingana.

Kuhusu paa: makuti na nyasi ni bora kuliko bati, kwa mwanga na kwa joto. Ukiwa na bati, weka chini yake dari ya mkeka au magunia, na acha nafasi ya kiganja kati yake ili hewa ipite. Usipake kuta za ndani chokaa wala rangi nyeupe, hata kama fundi atasema inapendeza. Kuta nyeupe zinaurudisha mwanga machoni. Mbao tupu, au rangi ya udongo isiyong'aa, inafaa. Ukitumia rangi, ikauke hadi harufu iishe kabisa, na usipake pale anapofika kuguguna. Sakafu nayo itazame. Simenti iliyosuguliwa mbele ya banda hurusha mwanga chini ya upenu hadi ndani. Tandika nyasi au panda mchaichai hapo.

Kupima mwanga si kazi ngumu. Simu janja nyingi zina kihisi cha mwanga, na zipo programu za bure zinazosoma luksi, yaani kizio cha kupimia mwanga. Kipimo chake si cha maabara, lakini kinatosha kulinganisha sehemu moja na nyingine. Jua la mchana huku kwetu hufika luksi 100,000. Kivuli cha mwembe bado ni maelfu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, maana jicho letu linalizoea haraka. Sebule ya kawaida usiku ina kati ya 100 na 300. Mimi hulenga chini ya 100 kwenye chumba anacholala mchana. Sehemu ya kulia inaweza kuwa na mwanga zaidi. Laza simu sakafuni kioo kikitazama juu, kisha isimamishe kioo kikitazama wavu, uone mwanga unaingilia wapi.

Banda lote lisiwe giza. Sungura anahitaji kutofautisha mchana na usiku, na anahitaji kuchagua. Mgawie banda sehemu tatu: kijumba cheusi, sehemu ya kivuli cha kati, na sehemu ya wavu yenye mwanga. Kijumba kiwe na milango miwili, kwa sababu sungura hujiona amenaswa akiwa na mlango mmoja, na albino ambaye haoni vizuri anayemjia kwa mbele huona hivyo maradufu. Boksi la mbao la sentimita 60 kwa 40, kimo 35, linamtosha sungura wa kilo tatu hadi nne. Milango isitazamane, ili mwanga usipenye moja kwa moja. Maji na nyasi kavu viwe karibu na kijumba, kivulini. Hilo Chokaa alinifundisha kwa kiu yake.

Giza lisizuie hewa. Nimeona watu wakifunika banda kwa turubai la bluu pande zote, na joto humo ndani likawa kama la tanuri. Sungura hatoi jasho kama sisi, na joto likipita nyuzi 30 za Selsiasi anaanza kuwa hatarini. Neti ya kivuli, mkeka uliofumwa, au khanga mbili zilizotandazwa kwa nafasi vinafanya kazi bora kuliko plastiki. Siku za Novemba ninaweka chupa ya maji yaliyoganda, nimeizungushia kitambaa, kwenye kijumba. Chokaa huilalia ubavu.

Na mkojo. Harufu kali ya mkojo ni amonia, na amonia huunguza macho ya sungura yeyote. Jicho ambalo tayari linapambana na mwanga halihitaji mzigo huo. Piga magoti, weka pua yako pale pua yake inapokaa, uvute pumzi. Ukisikia ukali, badilisha maranda leo. Maranda yenyewe yasiwe na vumbi, yachekeche kwanza.

Hatua ya 5: Akiishi ndani ya nyumba

Taa ya dari yenye mwanga mweupe mkali iliyo juu ya tundu lake ndiyo kosa la kwanza la watu wa mjini. Tumia taa ya njano ya wati chache, iliyogeuziwa ukuta, na tundu likae kwenye pembe isiyotazamana na dirisha. Vigae vinavyong'aa ni tatizo mara mbili: vinarudisha mwanga na vinateleza, na sungura asiyeona vizuri akiteleza mara moja hatarudi hapo. Mkeka unamaliza yote mawili.

Usiku awe na giza la kweli, kwa muda wa angalau saa kumi. Ukilazimika kumwangalia usiku, tumia taa nyekundu hafifu au funika tochi kwa kitambaa chekundu. Na picha zote ni bila flashi. Waambie na wageni, hasa watoto, kabla hawajatoa simu mfukoni.

Hatua ya 6: Mkono wako

Chokaa aliwahi kuning'ata kidole cha shahada hadi damu ikatoka. Nilikuwa nimemshikia jani la mchicha na kulipeleka moja kwa moja chini ya pua, pale asipoona. Alichosikia ni harufu ya chakula, alichogusa ni kidole. Hakuwa mkali hata kidogo.

Tangu siku hiyo tuna utaratibu, na kila mtu nyumbani anaufuata. Unaita jina lake ukiwa bado mbali, kwa sauti ileile. Unagonga sakafu mara mbili kwa vidole. Unamjia kwa ubavu, mkono ukiwa chini, unauacha umbali wa shibiri moja ili anuse. Akisogea mbele, unamgusa kwenye paji la uso au shavuni, kisha unatelezesha kiganja mgongoni. Mkono usishuke kutoka juu, kwa sababu kwa sungura kinachoshuka kutoka juu ni mwewe. Jani mpe kwa kulishika mwisho wa bua, ulisogeze kutoka pembeni. Majani yenye harufu kama giligilani humsaidia kujua chakula kiko wapi kabla hajakiona.

Usimbebe juani. Mkumbatie kifuani, funika kichwa chake kwa kiganja au kitambaa, utembee.

Hatua ya 7: Usiipangue nyumba yake

Sungura albino huishi kwa kumbukumbu na masharubu zaidi ya wenzake. Bakuli, kijumba, sanduku la kujisaidia, vyote vibaki mahali pake. Ukilazimika kuhamisha, hamisha kimoja kwa wiki, na usiondoe harufu yote kwa kusugua siku hiyohiyo. Ngazi ndani ya banda zisizidi sentimita 20 kimo, na kila panapobadilika kimo weka kitu anachoweza kukihisi kwa miguu kabla ya kufika ukingoni: kipande cha mkeka, gunia, zulia kuukuu. Sisi tuliweka gunia la katani kwenye kizingiti cha jikoni. Bado anayumbisha kichwa pale, lakini sasa ni mara mbili tu, anaruka.

Hatua ya 8: Saa za kutoka nje

Kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni Chokaa hatoki. Alfajiri hadi saa moja na nusu, na jioni kuanzia saa kumi na mbili kasorobo, bustani ni yake. Ni saa ambazo sungura yeyote angezichagua mwenyewe. Ndizo pia saa za paka na mbwa wazururaji, na albino humwona adui kwa kuchelewa huku weupe wake ukionekana mtaa mzima, kwa hiyo kaa naye.

Masikio na pua ya albino huungua na jua kama ngozi yetu inavyoungua, na ngozi inayoungua mara kwa mara inaweza kuota saratani. Usimpake mafuta ya kujikinga na jua yanayotumiwa na watu, maana atayalamba, na mengi yana zinki au salisilati zinazodhuru akizimeza. Kivuli kinatosha.

Hatua ya 9: Macho kila siku, na daktari mapema

Uchunguzi wa dakika moja asubuhi unatosha. Mweke mapajani, kwenye taulo, kivulini, uyatazame macho kwa zamu.

Albino ana jambo moja linalokusaidia: ule wekundu ni kama taa ya nyuma, na kasoro yoyote inaonekana mbele yake. Mtoto wa jicho huonekana kama doa jeupe au la kijivu katikati ya mboni nyekundu. Konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, ikivimba huwa na ukungu wa bluu. Jicho moja likionekana kubwa kuliko lingine, fikiria presha ya jicho. Ipo inayorithiwa kwenye ukoo wa New Zealand White, na huanza kuonekana sungura akiwa na miezi michache tu.

Machozi yanayolowesha manyoya chini ya jicho mara nyingi hayaanzii jichoni. Meno ya sungura hayaachi kuota. Yale ya mbele huongezeka zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka, na mizizi ya meno ya juu ikisukuma, huuziba mfereji wa machozi. Kwa hiyo akitoa machozi, mwambie daktari aangalie na mdomo. Nyasi kavu kwa wingi kila siku ndiyo kinga kubwa ya hilo.

Tongotongo zito jeupe, jicho lililofumbwa kivulini, doa jeupe linaloota kwenye duara la waridi, kichwa kilicholala upande: haya hayasubiri wiki. Kichwa kulala na uvimbe wa ndani ya jicho vinaweza kusababishwa na kimelea kiitwacho Encephalitozoon cuniculi, kinachosambaa kwa mkojo. Tiba inayotumika sana ni fenbendazole kwa siku 28, na daktari ndiye anayepima dozi kwa uzito.

Sasa niseme bila kuficha kuhusu maduka ya dawa. Baadhi ya matone ya macho ya watu yana steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani yake, na steroidi kwenye jicho lenye kidonda inaweza kulitoboa. Jicho la sungura likichomwa na ncha ya nyasi, kidonda hakionekani bila rangi maalumu ambayo daktari huidondosha. Usitie chochote isipokuwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo sana, kijiko cha chai kimoja chenye usawa kwa nusu lita, kuondoa uchafu tu. Maziwa, chai na maji ya majani havina nafasi hapo. Na kamwe usimpe sungura amoksilini ya kumeza, hata kama ilimponya mtoto wako jana. Huua bakteria wa tumbo anaowategemea, na sungura hufa kwa kuhara.

Madaktari wa mifugo wengi wamezoea ng'ombe na kuku, na hilo si kosa lao. Hospitali ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete, ni mahali pa kuanzia kwa walio karibu. Ukienda popote, mbebe kwenye boksi lililofunikwa kitambaa, safiri asubuhi mapema, na mwombe daktari kwa adabu apunguze taa kabla hajalifungua boksi. Mkumbushe pia kwamba ni albino akitaka kuipanua mboni kwa dawa: baadhi ya dawa hizo hushikwa na melanini, na jicho lisilo na melanini huzipokea tofauti. Mboni ikipanuliwa, siku hiyo anakaa kwenye kijumba chake cheusi hadi kesho.

Hatua ya 10: Kabla ya kumzalisha

Ualbino hurithiwa kwa kificho. Albino kwa albino huzaa albino watupu. Sungura wawili wenye rangi walioibeba jeni hiyo kwa siri, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa albino. Hakuna ubaya kuwazalisha kama una mabanda yenye kivuli ya kuwatosha wote, na kama unaowapa watoto umewaeleza haya. Mimi huwaonyesha banda letu kwanza, nawapa na kipande cha gunia chenye harufu ya mama yao wakitandike mlangoni.

Presha ya jicho ni habari nyingine. Nayo hurithiwa kwa kificho, kwa hiyo sungura mwenye jicho lililotoka nje asizalishwe tena, wazazi wake wasipandishwe tena pamoja, na ndugu zake waliozaliwa naye wabaki kuwa marafiki wa nyumbani tu, hata kama macho yao ni maangavu.